Kumfundisha Mbwa Kutulia Wageni Wanapofika: Mwongozo Kamili

Mahali pagumu kuliko pote pa kumfundisha mbwa kutulia ni mlangoni, na wakati mgumu kuliko wote ni pale mgeni akiwa ameshafika. Mbwa aliyepandwa na msisimko hasikii jina lake, hataki hata nyama, na amri anayopigiwa kwa sauti ya juu kwake ni kelele juu ya kelele. Lakini wengi wetu tunaanzia hapo hapo: mgeni anapiga hodi, mbwa anaruka, nasi tunavuta ukosi kwa mkono mmoja na kufungua mlango kwa mkono wa pili huku tukiomba radhi. Kazi hii huenda vizuri ikipangwa kinyume. Sehemu kubwa ya mafunzo ifanyike siku ambazo hakuna mgeni anayetarajiwa, mbwa ajifunze kazi moja mpaka aielewe kabisa, kisha kazi hiyo isogezwe taratibu hadi mlangoni.

Nasema kazi kwa sababu "usiruke" si jambo ambalo mbwa anaweza kulitenda. Kulala juu ya mkeka anaweza. Kukaa anaweza. Kusimama miguu yote minne ikiwa chini, hilo pia analiweza. Akipewa mojawapo na akaona lina faida kwake, kuruka kunakosa nafasi, maana hawezi kulala na kuruka kwa wakati mmoja.

## Kwanza, jua kama ni furaha au ni hofu

Mbwa wawili wanaweza kubweka kwa sauti moja mbele ya mlango mmoja, huyu akimtamani mgeni na yule akimwogopa. Ukikosea hapa, kila hatua inayofuata itakwenda upogo, kwa hiyo jipe siku kadhaa za kumtazama tu kabla ya kumfundisha chochote.

Mwenye furaha mwili wake ni mlegevu. Kiuno kinakwenda huku na huku pamoja na mkia, mdomo uko wazi, anajipinda, anakimbilia mbele. Anaruka kwa sababu anautafuta uso wa mgeni, kama watoto wa mbwa wanavyomlamba mama yao mdomoni wanapompokea.

Mwenye hofu mwili wake ni mgumu. Uzito wake ameuweka miguu ya nyuma, anabweka huku akirudi nyuma au akijificha kwa mwenyeji wake. Analamba midomo ingawa hakuna chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza kichwa pembeni huku macho yakibaki kwa mgeni hata weupe wa jicho ukaonekana. Wengine hufyata mkia, lakini usiutegemee mkia peke yake: mkia uliosimama wima na kutikisika kwa kasi, mwili ukiwa umekakamaa, si dalili ya furaha. Nywele za mgongoni zikisimama zinakueleza tu kwamba amesisimka, iwe kwa uzuri au kwa ubaya.

Kuhusu kunguruma nina msimamo mkali: usimwadhibu mbwa anayenguruma. Mngurumo ni onyo, na ni onyo jema, kwa sababu unakupa nafasi ya kumwondoa mgeni au mbwa kabla ya meno kutumika. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hofu yake haipungui. Anajifunza kuinyamazia, na siku moja anauma bila dalili ambayo mtu angeiona. Akinguruma, ongeza umbali kati yake na mgeni papo hapo, kwa utulivu, halafu uweke akilini ni nini kilichomfikisha hapo.

Kama mbwa wako amekwisha kuuma mtu, au huwarukia watu kwa nia ya kuuma, usianze peke yako. Anza na daktari wa mifugo, kisha mkufunzi anayefundisha kwa tuzo na si kwa kipigo. Vivyo hivyo kwa mbwa aliyekuwa mpole miaka yote kisha akabadilika ghafla. Maumivu ya sikio, jino au viungo humfanya mnyama asitake kuguswa wala kusogelewa, na hakuna mafunzo yanayotibu jino bovu.

## Kwa nini anaendelea kufanya hivyo

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alieleza majaribio yake ya kuwafungia paka ndani ya vizimba vyenye komeo. Tendo lililomfungulia paka mlango lilirudiwa upesi zaidi kila mara, na matendo yasiyomsaidia yalififia yenyewe. Mbwa wako anafuata kanuni hiyo hiyo mlangoni. Anayeruka anapata mikono, macho na maneno, na hata kusukumwa kwake ni mchezo. Anayembwekea mpita njia anamwona mpita njia akienda zake. Mtu yule alikuwa anapita tu, lakini mbwa hana habari hiyo: alibweka, adui akaondoka, dawa imefanya kazi. Kila siku inayopita hivyo inalikomaza somo lisilo sahihi.

Ndiyo maana katika wiki za mafunzo ni lazima umzuie asiendelee kujizoeza tabia ile ya zamani. Mgeni akija kabla mbwa hajawa tayari, mpeleke chumba kingine mapema, mpe kitu cha kutafuna au kichezeo cha mpira kilichojazwa chakula, funga mlango. Wapo wanaoona hili kama kushindwa. Mimi naliona kama ulinzi wa kazi yote uliyokwisha kuifanya. Ila usimwache amefungwa mnyororo anakoweza kuwaona wageni lakini hawezi kuwafikia wala kuwakimbia, kwa sababu hali hiyo humzidishia hasira.

## Vifaa na maandalizi

Unahitaji kamba ya mita 1.5 hadi 2, mkanda wa kifuani usiombana mabega, na mkeka au zulia dogo linalobebeka. Kizuizi cha mlangoni, kama kile cha kuzuia watoto wachanga, kinasaidia sana. Tafuta pia mkoba mdogo wa kufunga kiunoni wa kuwekea vitafunwa.

Vitafunwa viwe laini, vyenye harufu, na vidogo kama punje ya mahindi, ili avimeze mara moja na kukutazama tena. Nyama iliyochemshwa bila chumvi wala viungo inafaa. Chokoleti, zabibu, vitunguu na vitu vitamu vilivyotiwa zailitoli (xylitol, kitu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa, visikaribie mkoba huo. Punguza chakula chake cha siku kwa kiasi anachokula mazoezini, asije akanenepa.

Tuzo imfikie ndani ya sekunde moja au mbili tangu alipofanya jambo sahihi. Ukichelewa unalipa kitu kingine: alilala, ukapekua mfukoni, akainuka, ukampa, na hapo umemfundisha kuinuka.

Jambo la mwisho la maandalizi ni la binadamu. Wote wanaoishi nyumbani wakubaliane maneno yatakayotumika. Neno la kumpeleka mkekani liwe moja, tuseme "mahali". Neno la kumruhusu kuinuka liwe moja pia, na lisiwe "haya" wala "basi", kwa sababu maneno hayo yanatutoka kila baada ya sentensi mbili na mbwa atainuka bila wewe kukusudia. "Huru" linafaa.

## Mkeka: hatua iliyobeba nyingine zote

Hapa usiwe na haraka. Fanya zoezi la dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, mahali tulivu palipo mbali na mlango wa nje.

Tandika mkeka chini mbele yake, kisha nyamaza. Akiukanyaga, hata kwa mguu mmoja, mwekee kitafunwa juu ya mkeka. Akibaki, mwekee kingine. Baada ya vipande vichache tupa kimoja pembeni, umbali wa hatua mbili, akifuate, halafu mngoje arudi mwenyewe. Mbwa wengi hulielewa jambo hili mapema ajabu: ule mkeka unalipa. Usimsukume mgongoni alale wala usimvute kwa kamba. Akisimama pale bila kulala, shusha kitafunwa polepole kutoka puani mwake hadi chini kati ya miguu ya mbele, na mwili utafuata. Tangu hapo mlipe anapolala tu.

Anapokuwa anaurudia mkeka na kulala bila kuelekezwa, ndipo uweke neno. Sema "mahali" mara moja, kabla hajaanza kuuendea. Neno likitangulia mapema mno, kabla tendo halijakomaa, linageuka sauti isiyo na maana.

Sasa anza kujenga muda. Lipa baada ya sekunde 2, kisha 5, kisha 3, kisha 8, kisha 4, kisha 12. Usiuongeze muda kila mara, kwa maana mbwa anayeona kila jaribio ni gumu kuliko lililopita hukata tamaa. Kabla hajainuka kwa uamuzi wake, sema "huru" na umwite atoke. Ruhusa itoke kwako.

Muda ukifika kama nusu dakika, jenga umbali. Piga hatua moja nyuma, rudi, mlipe akiwa bado amelala. Hatua mbili, rudi. Zunguka upande mmoja, rudi. Kisha jenga vurugu: kaa kitini na uinuke, piga kofi moja dogo, dondosha kijiko, tembea kuelekea mlango, gusa kitasa. Kila unapoongeza kitu kimoja, vingine vipunguze. Ukigusa kitasa kwa mara ya kwanza, usimwombe akae dakika nzima. Gusa, rudi, lipa. Akikosea mara mbili mfululizo, umepandisha ngazi kwa kasi kuliko anavyoweza. Rudi ngazi moja chini bila kumkaripia, kwa kuwa mpango ulikuwa wako.

Kuna tofauti kati ya mbwa aliyelala na mbwa aliyetulia, na ni katika tofauti hii watu wengi hupoteza matunda ya kazi yao. Mbwa anaweza kulala akiwa amejikunja kama upinde, kucha zimekaza mkeka, macho hayakutoki, akisubiri kufyatuka. Huyo anatii, lakini hajatulia. Utulivu wenyewe una dalili zake: nyonga inaanguka upande mmoja, anavuta pumzi ndefu, kidevu kinashuka juu ya miguu, masikio yanalegea. Ukiona mojawapo, lipa kimya kimya, taratibu, bila kumshangilia, kwa sababu kumshangilia kutamwamsha. Fanya pia nje ya mazoezi: ukimkuta amejilaza mwenyewe huku watu wakiongea, pita umwekee kipande mbele yake na uendelee na shughuli zako. Kwa maoni yangu tabia hii ndogo ya kumlipa mbwa anapotulia bila kuambiwa ina thamani kuliko amri yoyote, nayo haihitaji muda wa ziada.

## Kengele na kupiga hodi

Mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula tumboni, alionyesha kwamba mbwa huanza kudondosha mate kwa ishara inayotangulia chakula hata kabla chakula chenyewe hakijaonekana. Kengele ya mlango ni ishara ya namna hiyo. Kwa sasa inatangaza fujo. Tunataka itangaze mkeka na kitafunwa.

Irekodi sauti ya kengele yako au ya mlango wako unavyogongwa, kwa simu. Icheze kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba mbwa anageuza sikio tu. Sauti itangulie, kitafunwa kifuate. Usitangulize kitafunwa. Rudia mara kadhaa kisha acha mpaka zoezi jingine. Atakapokuwa anaisikia na kukutazama usoni akingoja malipo, pandisha sauti kidogo. Akibweka, umepandisha kupita kiasi.

Baadaye unganisha: sauti, kisha "mahali", kisha malipo akiwa mkekani. Baada ya marudio mengi, ngoja kidogo kabla ya kutamka neno. Siku moja utamwona anainuka na kuuendea mkeka kwa kusikia kengele peke yake. Hapo mwombe mtu wa nyumbani atoke nje na kugonga kwa kweli, kwanza kwa vidole, kisha kwa nguvu ya kawaida. Mlango wenyewe uufungue kwa vipande: shika kitasa, rudi, lipa; fungua upenyo, funga, lipa; fungua nusu, funga, lipa; fungua wote, hakuna mtu, lipa. Mbwa akiinuka, mlango unafungwa tu. Hapigiwi kelele, hatishwi. Mlango kufungwa kunatosha kumweleza.

Wapo wanaohofu kwamba mbwa akifundishwa hivi hatalinda nyumba tena. Hofu hiyo naielewa, lakini mafunzo haya hayamwondolei masikio. Atasikia mtu kabla yako na atakujulisha. Unachomfundisha ni kukukabidhi wewe jambo hilo baada ya kubweka mara mbili tatu: mshukuru kwa sauti tulivu, mwite, mpeleke mkekani. Mbwa anayembwekea kila mtu kwa nguvu ile ile hakuelezi chochote juu ya nani aliyefika.

## Salamu ya miguu minne chini

Anza na watu anaowajua. Mbwa awe amefungwa kamba, umeishika au umeifunga kwenye kitu imara. Mtu mmoja wa nyumbani amkaribie akitembea polepole. Miguu yote minne ikiwa chini, mtu asogee. Miguu ya mbele ikiinuka, mtu asimame au arudi nyuma hatua mbili, kimya, bila kumtazama. Ikishuka, asogee tena. Mbwa anajifunza kwamba ufunguo wa kumleta mtu karibu uko kwenye miguu yake mwenyewe.

Akifikiwa, malipo yashuke chini. Mwekee kitafunwa sakafuni au mpe chini ya kidevu, na mikono imguse kifuani au ubavuni. Mkono unaopita juu ya kichwa huwaalika wachangamfu kuruka na huwatisha waoga.

Ukiacha kumlipa mbwa kwa kuruka, utamwona kwanza anaruka zaidi. Dawa iliyokuwa inafanya kazi imekoma, kwa hiyo anaongeza kipimo. Ni kipindi kinachopita, na hapo ndipo nyumba nyingi hulegea na kumpapasa "leo tu". Hiyo leo tu ina gharama kubwa, kwa sababu tabia inayolipwa mara moja moja, bila kutabirika, hudumu kuliko inayolipwa kila siku. Mtu mmoja anayesema "mimi sijali, mwache aruke" anatosha kuiweka tabia hai. Mweleze kwa upole kwamba wewe unajali.

Utashauriwa umpige goti kifuani, umkanyage vidole vya nyuma, au umlaze chali "ajue nani mkubwa". Acha yote. Wazo la mbwa kugombea ukubwa na binadamu linatokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. Mtafiti wa Marekani David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilichangia kulieneza, baadaye alilikosoa hadharani, akieleza kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni wazazi na watoto wao. Mbwa anayekurukia hagombei cheo. Anakusalimu vibaya, na ukimpiga goti anajifunza kwamba kuja kwa wageni huleta maumivu, ambalo ni somo la hatari kuliko kuruka.

## Mgeni wa kwanza wa kweli

Mchague. Asiwe mtu mwenye haraka, na asiwe yule anayewapenda mbwa kiasi cha kushindwa kujizuia. Mpigie kabla hajatoka kwake umweleze mambo machache: akifika asimtazame mbwa machoni, asimsemeshe, asinyooshe mkono mpaka aambiwe. Watu husahau, hivyo mkumbushe kwa ujumbe akiwa njiani.

Kama saa moja kabla, mtembeze mbwa matembezi ya kunusa, yaani yeye ndiye achague mwendo na kila kichaka akikague. Kunusa humtuliza. Mbio na mchezo wa kurusha mpira usiokwisha humwacha amechoka misuli huku akili imepanda, kwa hiyo sivipendekezi kabla ya wageni. Nyumbani mfunge kamba, mkeka utandikwe mita kadhaa kutoka mlangoni, mahali anapoweza kuona bila kumfikia mgeni.

Hodi ikipigwa, "mahali". Mlipe. Ni vizuri mtu wa pili afungue mlango ili wewe ubaki na mbwa. Mgeni aingie, apite, akae kitini. Katika dakika 10 za kwanza endelea kumlipa mbwa mara kwa mara akiwa amelala, ukinyoosha nafasi kati ya kipande na kipande kadiri anavyolegea. Ukiona dalili zile za utulivu wa kweli, mpe ruhusa akamnuse mgeni aliyeketi, kamba ikiwa imelegea mkononi mwako. Baada ya sekunde 3 mwite arudi, umlipe. Salamu fupi nyingi ni bora kuliko moja ndefu inayoishia kwenye kuruka.

Mgeni akitaka kumpapasa, ampapase kwa sekunde 3 kisha aondoe mkono. Mbwa akijisogeza tena, anaomba nyongeza. Akigeuka, akijikung'uta au akiondoka, amesema inatosha, na iheshimiwe.

Usisahau kuondoka. Mgeni anapoinuka, vurugu huanza upya, na mara nyingi waoga huuma hapo, mgongo wa mtu ukigeuzwa. Mrudishe mkekani kabla mgeni hajasimama.

Mgeni akishaenda, mwache mbwa alale. Baada ya msisimko mkubwa mwili unaweza kuchukua saa nyingi kurudi katika hali yake, ndiyo sababu mgeni wa pili wa siku hiyo hiyo hupokewa vibaya kuliko wa kwanza. Mwanzoni usipange wageni wawili kwa siku moja.

## Ikiwa mbwa wako ni mwoga

Kwa huyu, lengo si salamu. Lengo ni mgeni kuwepo na mbwa kupumua vizuri, na kama hatataka kuguswa na mgeni maisha yake yote, hilo linakubalika kabisa. Usimvute kwa kamba "akamzoee", na usimwombe mgeni amlishe kwa mkono. Njaa humsogeza mbwa karibu kuliko anavyotaka, kitafunwa kikiisha anajikuta chini ya mtu anayemwogopa, na anauma.

Mgeni akae, ajigeuze ubavu, na atupe kitafunwa nyuma ya mbwa, si mbele yake. Mbwa anageuka kwenda mbali, anakula, anapata unafuu, na akipenda anarudi mwenyewe hatua moja karibu zaidi. Kitafunwa kinachofuata kinatupwa tena nyuma. Ukaribu anauamua yeye. Awe pia na njia ya kuondokea, chumba kilicho wazi ambako hakuna mtu anayemfuata. Wengine huona nafuu wakikutana na mgeni nje kwanza, wakatembea pamoja kwa umbali, kisha wote wakaingia ndani kwa mkupuo mmoja.

Kama kuna uwezekano wa kuuma, mzoeze kifunika mdomo cha mtindo wa kikapu, kile kinachomwezesha kuhema mdomo wazi, kunywa maji na kula. Mwekee kitafunwa ndani aingize pua mwenyewe, siku nyingi kabla ya kufunga kamba yake. Kisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mgeni.

## Watoto

Mtoto mgeni na mbwa wasiachwe peke yao hata kwa dakika moja, hata mbwa awe mpole namna gani. Watoto hukimbia, hupiga kelele, hukumbatia shingo, na uso wao uko usawa wa mdomo wa mbwa. Kama huwezi kukaza macho, kizuizi kifungwe. Mtoto asimguse mbwa anayekula, anayelala au aliye mkekani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati. Mtu akiumwa na mbwa au akikwaruzwa, hata kama damu haikutoka, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

## Itachukua muda gani

Methali ya samaki mkunje angali mbichi ina ukweli wake kwa mbwa. Kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 ndicho ambacho mtoto wa mbwa huyapokea mambo mapya kwa wepesi, na watu wa kila namna, wenye kofia, wenye miwani, wenye fimbo, wakikutana naye kwa upole wakati huo, kazi ya baadaye hupungua sana. Lakini mbwa mzima naye hujifunza. Ana mazoea ya zamani ya kushindana nayo, basi.

Mchangamfu wa kawaida huonyesha mabadiliko baada ya wiki chache za mazoezi mafupi ya kila siku. Mwoga huhitaji miezi. Kati ya miezi 6 na 18, umri wa kubalehe, tarajia kwamba aliyekuwa anajua atafanya kama hajui. Usibadilishe njia, rudi ngazi mbili nyuma na uendelee.

Vitafunwa usivikate ghafla. Akiwapokea wageni kadhaa wa aina mbalimbali vizuri, anza kulipa kila baada ya mara mbili, kisha mara chache zaidi, na sehemu ya malipo iwe ruhusa ya kwenda kumnusa mgeni, ambayo kwa mbwa mchangamfu ina thamani kuliko nyama. Ila kipande kimoja kizuri kisikose siku ile mgeni wa aina mpya kabisa anapoingia: mwenye mzigo mkubwa, mwenye sauti nzito, au anayekuja na mbwa wake.